Nyoka wa Mahindi

Kwa maneno ya Efrazia, nyoka alikuwa amejikunja juu ya mahindi kama ngata ya kubebea maji, na Mokami alikuwa amepiga magoti mbele yake akimnywesha maziwa.

"Tena si kwa kikombe. Kwa kibuyu!" Efrazia aliinua mkono ili wote waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga wauone. "Kibuyu kile kile wanachomtilia mgeni. Mimi nilikwenda kuomba moto tu, jamani. Moto! Nikachungulia kwenye kihenge, nikamwona. Mweusi, mnene kama mkono wangu huu. Akaacha kunywa, akanitazama. Na yule binti akamwambia, 'Kunywa, baba, huyo ni jirani tu.'"

"Baba?" aliuliza mwanamke mmoja. "Alimwita baba?"

"Baba kabisa! Kwani nyinyi mlijua marehemu baba yake alikwenda wapi?"

Wakaguna. Mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kanga.

Mokami alikuwa nje ya mlango na debe lake kichwani. Hakuingia. Alisikiliza mpaka mashine ilipowashwa na kumeza sauti zote, ndipo akageuka na mahindi yake ambayo hayajasagwa. Njiani hakulia. Alikuwa anapima. Mara ya kwanza Efrazia aliposimulia, nyoka alikuwa mwembamba kama ukambaa na hapakuwa na maziwa. Mbele ya wazee maziwa yalikuja, katika kikombe. Leo kulikuwa na kibuyu, na nyoka ameshakuwa mzazi. Nyoka yule alikuwa akinenepa kila alipotajwa, na aliyekuwa akikonda ni Mokami.

Kazi yake ilikuwa kupukuchua mahindi. Hapa Nyanungu wengi hutia mahindi guniani na kuyapiga kwa fimbo, lakini fimbo hupasua punje, na punje iliyopasuka haifai kuwa mbegu na haimalizi msimu bila kuliwa na wadudu. Mokami alitumia mikono. Hufungua mstari mmoja wa hindi kwa ncha ya kidole gumba, kisha hulaza mistari mingine kwenye nafasi ile, mmoja baada ya mwingine, kama anayefungua vifungo vya shati. Mwenye mahindi ya kula alipiga fimbo. Mwenye mahindi ya mbegu alimwita Mokami. Ndivyo yeye na mama yake, Nyangi, walivyoishi tangu baba alipofariki.

Na ndivyo alivyofika Kisaka, upande wa Serengeti, kupukuchua kwa watu wenye kijana aitwaye Marwa. Marwa alikuja kukaa karibu na rundo la magunzi, siku ya pili akaja tena, akawa anachekeshwa na vitu visivyochekesha. Mavuno yalipokwisha, shangazi zake wawili walipanda pikipiki mpaka Nyanungu kuulizia. Ndiyo desturi: kabla ya kubisha hodi kwa binti, hubisha kwa jirani. Wakabisha kwa Efrazia. Wakauliza yale yanayoulizwa: rangi yake nyumbani ni hii hii tunayoiona barabarani, au anajipaka? Ni mpole, au ni mkali? Chimbuko la ukoo wao ni wapi?

Efrazia aliwakaribisha ndani, akawapikia kuku. Mwanawe Gloria ndiye aliyewanawisha mikono. Ilipofika habari ya jirani, Efrazia alishusha sauti, akataja nyoka.

Shangazi wale hawakufika kwa Mokami. Mavuno yaliyofuata yalikuta Marwa ni mchumba wa Gloria.

Maneno yalipoenea, wazee waliitisha ritongo, kile kikao chao cha kuamua mambo ya watu. Mzee Kisyeri alimhoji Mokami, akatuma vijana wakapekua kihenge chao mpaka chini, wakapata panya na ukambaa wa kufungia mfuniko. "Nyoka hatukumwona," mzee alisema. "Tumeona maneno tu. Lakini kuanzia leo, nyumba itakayokutwa na nyoka wa kufugwa haitapewa moto wala chumvi, na itateka maji yake peke yake."

"Na ng'ombe wa mahari, mzee?" Efrazia aliuliza kutoka upande wa wanawake. "Hao nao wavuke lango la namna hiyo?"

Mzee alifikiri. "Wasivuke," akasema.

Kwa hiyo Mokami hakutengwa. Ila hakuna aliyemwita tena. Nani ataruhusu mikono inayopapasa nyoka ipapase mbegu zake? Akimwamkia Efrazia njiani, "Shikamoo, mama," Efrazia alitazama mawingu kama mtu anayesubiri mvua. Gloria peke yake ndiye aliyekuwa bado anamsalimia, kwa haraka, akiangalia nyuma.

Siku ile ya mashine Mokami alifika nyumbani, akatua debe, akakaa. Mama yake alimuuliza mbona mahindi hayajasagwa. "Foleni," alijibu. Lakini moyoni alikuwa ameshakata neno. Efrazia amesema nyoka yupo. Vizuri. Basi awepo. Ila si huku.

*

Sirari, nyuma ya vibanda vya mitumba, binti wa Kijaluo aitwaye Sharon alikuwa na chumba kidogo alichoonyeshea watu nyoka. Kaka yake Otieno alifanya kazi Kisumu kwa mzungu aliyependa kufuga viumbe. Mzungu aliporudi kwao aliacha viumbe vyake, na Otieno akavivusha mpaka.

"Kuangalia wanakuja wengi," Sharon alisema, akifunika mdomo wake uliojaa muwa. "Kutaka kumbeba aende naye, we ndo wa kwanza. Uko sawa kichwani, dada?"

"Niko sawa. Wanaitwaje?"

"Kwa Kizungu wanawaita nyoka wa mahindi."

Mokami alishtuka kidogo. "Wanakula mahindi?"

"Ai! Nyoka gani huyo wa kula mahindi, hata ugali utampikia? Anakula panya. Ngoja uone kwa nini." Sharon alifungua sanduku la plastiki, akatoa nyoka, akamgeuza tumbo juu. Tumbo lilikuwa na vipande vyeusi na vyeupe, kimoja kimoja, kwa mstari. Mokami alisogeza uso. Aliyajua yale. Yalikuwa mahindi ya bibi yake, yale ya zamani yenye punje za rangi rangi, ambayo siku hizi hayapandwi na mtu. Kidole gumba chake kilijiinua chenyewe kutafuta mstari wa kuanzia.

Walikuwa watatu. Mmoja wa kijivu, mmoja mweupe mwenye macho mekundu, na mmoja wa rangi ya tofali lililotoka tanuruni.

"Chukua huyu mweupe," Sharon alisema. "Huyu ndiye miss wao."

Mokami alimfikiria mweupe juu ya mahindi ya Efrazia. Mweupe juu ya meupe. Mtu angefunua, achote, afunike, asione kitu. Akamtazama wa kijivu. Huyo angeonekana, lakini watu wangesema ni nyoka wa porini amefuata panya, wamuue, waende kula. Yule wa rangi ya tofali hakuna Mkurya aliyewahi kumwona kwenye shamba wala kwenye mwamba. Juu ya mahindi meupe angekuwa kama kidonda.

"Wanauma?"

Sharon alimgusa mweupe mkiani. Mkia ukatetemeka, na kabla hajautoa mkono, kidole chake kilikuwa na vitone vya damu. "Huyu leo ameamka vibaya," alisema, akinyonya kidole. "Hawana sumu, usiogope. Ni kama mwiba tu."

"Hata mwiba sitaki. Pale anapokwenda kuna watoto." Alichokitaka kwa Efrazia hakikuwa mwilini. "Nipe huyu mwekundu nimshike."

Alikuwa mkavu na wa baridi, mzito kuliko alivyoonekana. Alipanda kiganjani taratibu, ulimi ukionja hewa, akapita katikati ya vidole kama mtu anayehesabu wageni. Mokami aliyaangalia macho yake, yalikuwa maangavu. Akampulizia. Nyoka alirudisha kichwa kidogo, akaendelea na safari zake.

"Mpole," Mokami alisema.

"Mpole kama maji ya mtungi."

"Na ametoka wapi? Si wa kuokotwa porini?"

"Porini wapi! Huyu amezaliwa kwa sanduku. Mama yake amezaliwa kwa sanduku. Nyasi hajui ni kitu gani. Ukimuacha mahali pana joto na panya, atakaa hapo hapo mpaka Yesu arudi."

Hilo ndilo alilotaka kusikia. Wa porini angetoroka siku hiyo hiyo. Huyu angekaa alipowekwa, na hakuna mzee ambaye angesema ametoka mlima fulani au ni wa ukoo fulani. Rangi, tabia, chimbuko. Mokami aliwakumbuka shangazi wa Kisaka wakila kuku, akatabasamu, na Sharon alipoliona tabasamu lile akaacha kutafuna muwa.

"Dada. Unamtakia nini huyu mtu wangu?"

"Panya wanatusumbua."

Hakumchukua siku hiyo. Sharon alikuwa na shangazi mwenye banda la mahindi ya mbegu, naye Mokami akakubali kuyapukuchua yote, nyoka awe ujira wake. Alikuja kila wiki kutoka Nyanungu. Alikaa chini bandani, magunzi kushoto, punje kulia, na nyoka mapajani ndani ya kanga. Alimjaribu. Alidondosha gunzi kwa kishindo. Nyoka alijikunja, hakuuma. Aliita kuku karibu. Alimwachia mtoto wa jirani ambaye mikono yake ilikuwa na mafuta ya maandazi. Nyoka alivumilia. Kisasi nacho ni kama mahindi: ukiyapukuchua mabichi utaumia kidole, na hayo uliyoyapata yataoza guniani.

Mahindi ya banda yalipoisha alimtia nyoka kwenye debe, akafunika kwa ungo, akampeleka nyumbani.

Ilibidi amweke mahali mpaka ajue amezoea kula panya wa kwao. Kihenge chao kilikuwa karibu kitupu. Akamweka humo. Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti, ameshika panya kwa mkia, akimwambia nyoka kwa sauti ya chini, "Haya, kula, usinione aibu," aliposikia kitu kimeanguka nyuma yake.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Kata ya maji ilikuwa imepasuka miguuni pake.

"Kwa hiyo," Nyangi alisema, "Efrazia hakusema uongo."

"Mama! Alisema uongo. Huyu nimemleta majuzi."

"Mimi nilisimama mbele ya wazee, Mokami. Nikaapa kwa kaburi la baba yako."

"Na uliapa kweli. Uongo ndio ulianza, nyoka amekuja baadaye."

Nyangi alimwangalia binti yake, akamwangalia nyoka. "Na nani atakayejua nani alimtangulia mwenzake?" Akaokota vipande vya kata, akatoka.

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote aliyoyasikia kwenye mashine. Jumapili iliyofuata hakungoja zaidi. Nyumba ya Efrazia yote ilikuwa misani. Kengele ilikuwa imeshalia na nyimbo zilikuwa zinasikika. Mokami alipita njia ya kisimani na debe lake, akaingia uani. Mbwa alimjua, akatikisa mkia. Kihenge cha Efrazia kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, mahindi ya mwaka huu na ya mwaka jana, ya kulishia harusi. Akainua mfuniko.

Nyoka hakutaka kushuka. Alijizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, akakaza. Mokami alimfungua taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kama anavyovuliwa mtoto bangili iliyombana. Kichwa kikaona upenyo kati ya mahindi. Mwili ukafuata, mwekundu, mwekundu, mwekundu, kisha yakabaki mahindi peke yake.

*

Alingoja yowe.

Kila asubuhi aliamka mapema, akakaa nje akisikiliza upande wa pili wa uzio wa minyaa. Akilini alikuwa ameshaona vijana wakikimbia na mapanga, na wazee wakija na fimbo zao. Alikuwa ameshamwona Efrazia katikati ya uwanja, mikono kichwani, akisema "Si wangu! Si wangu!" na watu wakiguna kama walivyoguna kwenye mashine.

Yowe halikuja.

Lakini macho ya Mokami yalizoea kungoja. Aliona watoto wa Efrazia wamekatazwa kucheza karibu na kihenge. Aliona mfuniko umewekewa jiwe. Kisha siku moja alimwona Gloria anatoka dukani na mfuko wa unga. Unga wa duka! Nyumba yenye kihenge kimejaa mpaka shingoni! Na pale kwenye mashine, wanawake walipomchokoza Efrazia awasimulie tena ile habari ya kibuyu, alisema anaumwa kichwa, akabeba karai lake akaondoka.

Mokami alijua kwamba Efrazia anajua. Furaha yake ilikuwa kubwa hata usiku huo hakuhisi njaa. Wiki ile Kisaka walileta habari: wanakuja Jumamosi na ng'ombe, na wanawake wao watatangulia Ijumaa kusaidia kupika. Wanawake wa upande wa mume wakifika, kihenge hawazuiliwi.

Alhamisi asubuhi, jua likiwa limeanza kuchoma, Mokami alikuwa uani na rundo dogo la mahindi yao wenyewe aliposikia hodi.

"Hodi hapa! Hodi kwa Nyangi!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko inavyohitajika kuvuka uzio. Efrazia alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Njiani walikuwa wanapita wanawake wanaotoka kisimani, naye alingoja wafike karibu.

"Mokami, binti yangu! Hujambo?"

Mokami hakutoa shikamoo. Alichukua hindi jingine.

"Nimekuja kuomba mikono yako," Efrazia aliendelea, sauti ile ile. "Mahindi yangu yamekauka, wageni wa Kisaka ndio hao wanaingia. Na mimi nasema siku zote, hakuna anayepukuchua kama wewe."

Wanawake walipunguza mwendo. Mmoja alitua ndoo yake kabisa, akajifanya anafunga kanga. Efrazia alisogea, akainama, sauti ikashuka mpaka ikawa pumzi. "Uje peke yako. Watoto nitawapeleka kwa jirani yetu Agustina."

"Kwani kihengeni kuna nini, mama," Mokami aliuliza kwa sauti ya kisimani, "hata watoto wahamishwe?"

Efrazia alitazama njiani. "Panya," alisema. "Panya tu."

"Panya wa rangi gani?"

"Mokami."

"Mnene? Mnene kama mkono?"

Mwanamke wa ndoo alikuwa amegeuka kuwatazama. Efrazia alimpa mgongo, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Mokami. Ulikuwa umezeeka.

"Si mnene," alinong'ona. "Ni mwembamba. Ni mwekundu, hapa ubavuni ana madoa. Nikifunua, ananitazama, halafu anazama chini polepole. Haniumi. Hafanyi kitu. Hanywi maziwa. Nilimwekea. Hakunywa."

Mokami aliacha kupukuchua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanamke huyu akisimulia kitu bila kukiongezea.

"Kwa nini hukumuua?"

"Yuko chini ya mahindi yote yale. Nitayatoa vipi watu wasione? Hata baba Gloria hajui." Alishika ukingo wa ungo. "Wewe atakuja mkononi mwako. Nakuomba. Sijalala."

Mokami alitazama mikono yake. Akienda na kuitia kihengeni, ataitoa ikiwa na nyoka, na Efrazia atakuwa amesimama nyuma yake na kinywa chake kile. Yowe moja tu, na ritongo lingemkuta Mokami ameshika kile walichokitafuta. Asipoenda, kesho wanawake wa Kisaka watafunua. Ng'ombe watageuziwa langoni, kama Efrazia mwenyewe alivyotaka. Nyumba itakosa moto na chumvi. Gloria, aliyekuwa akimsalimia, atarudishwa ndani na mama yake, na nyoka aliyezaliwa sandukuni atakatwa vipande na watu ambao hawakuwahi kumgusa. Alikuwa amemchagua mpole ili asimuumize mtu.

"Sema basi," alisema Mokami polepole. "Wale pale wanasikia. Sema siku ile uliona nini kwetu."

Efrazia alifungua mdomo. Njiani, mwanamke wa ndoo alikohoa. Akaufumba.

Hakuna aliyempa kigoda. Efrazia alikaa chini hivyo hivyo, na kitenge chake cha kanisani, kwenye vumbi, upande wa pili wa rundo. Alichukua hindi, akaanza kulipukuchua kwa kulibana, bila kufungua mstari kwanza. Kidole kiliteleza. Punje zikaruka zimepasuka, nyingine zikaangukia nje ya ungo. Hakuacha. Akachukua jingine.

"Mwanangu," alisema, bila kuinua uso, "utakuja?"

Kuku walitoka upande wa jikoni, wakaanza kudonoa punje kwenye vumbi kati ya miguu yao, na hakuna kati ya wanawake hao wawili aliyewafukuza.